Kivuli Kifuani mwa Fundi Gregori

Waheshimiwa viongozi wa dini zote mbili, ndugu zetu mliotoka Rondo, Kilwa na Somanga, jirani zetu wa Mtama, mafundi wenzake na marehemu, assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Xaveri, mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na ninaomba mnivumilie nikirefusha kidogo, kwa sababu yapo mambo aliyoagiza mwenyewe yasemwe mbele za watu, tena yasemwe pande zote mbili, na mimi sitathubutu kumpunguzia neno.

Marehemu Gregori Dominick Nampoto alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Rondo, akiwa mtoto wa pili wa mzee Dominick Nampoto na mama Rosalia, ambao wote wametutangulia. Alianza shule ya msingi hapohapo Rondo mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na ingawa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari hakuonekana kuumia, kwani tayari mikono yake ilikuwa imeshachagua kazi, na mama yetu alikuwa akilalamika kwamba hakuna mwiko wala mpini wa jembe uliopona kuchongwa upya na Gregori. Mwaka 1977 alipokelewa katika karakana ya useremala ya misheni, akajifunza kwa miaka miwili, akatoka akiwa na randa yake, msumeno wake na tabia ya kupiga ubao kwa kidole na kuusikiliza kabla ya kuukata.

Mwaka 1982 alikwenda Kilwa Masoko, akafanya kazi ya milango na fremu za madirisha kwa wajenzi mbalimbali, na huko ndiko alikokutana na Moza binti Idd, Mmatumbi wa milimani, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake. Shangazi huyo alikuwa na mlango mzuri usio na kasoro, lakini Gregori aliutengeneza mara kadhaa, mpaka shangazi akamwambia, "Fundi, sema unachokitaka, mlango umechoka." Walifunga ndoa bomani tarehe 8 Agosti 1986, kila mmoja akabaki na dini yake, na kwa karibu miaka arobaini sisi ndugu hatukuwahi kusikia ugomvi wa jambo hilo katika nyumba yao. Mungu aliwajalia watoto watatu, Rosemary aliyezaliwa mwaka 1988, Ismael mwaka 1991 na Angela mwaka 1996, na wajukuu ambao mnawaona wamekaa pale mbele na bibi yao.

Mwaka 1994 familia ilihamia hapa Mtama, marehemu akafungua karakana yake kando ya barabara, na sina haja ya kuwaeleza kazi yake, kwa kuwa wengi wenu mmelalia vitanda vyake, na baadhi yenu mlizaliwa juu ya vitanda hivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpenda kahawa, asiyeumwa. Nasisitiza hilo, kwamba hadi mwaka 2018 kaka yetu hakuwa mgonjwa, hakuwa akikohoa wala kupungua mwili, na shemeji yangu Moza naye alijiona mzima kama yeye.

Mwezi wa Julai mwaka ule gari la matangazo lilipita Mtama likiwaita watu wajitokeze kupimwa kifua kikuu bure, wagonjwa na wazima, hasa wanaofanya kazi kwenye vumbi, wakiwemo mafundi wa mbao. Gregori alimwambia mkewe, "Twende, hakiumi na hakina gharama," na Jumanne ya tarehe 17 wakaenda pamoja, wakapanga foleni pamoja, wakaingia kwenye gari lile jeupe lenye mashine ya picha, yeye akitangulia. Alinisimulia baadaye kwamba ndani mlikuwa na baridi isiyo ya Mtama, kwamba aliambiwa aweke kifua kwenye kibao, anyanyue kidevu, avute pumzi na aishike, na kwamba alimsikia vizuri yule mtu akisema shika, lakini hakumbuki kumsikia akisema pumua.

Shemeji aliitwa kwanza kupewa majibu, akaambiwa picha yake inaonyesha dalili za kifua kikuu, na makohozi yake yalipopimwa yakathibitisha. Yeye aliyedhani kapungua kwa sababu ya mfungo alikuwa na ugonjwa ambao, kwa maneno ya daktari, ungempeleka kaburini na pengine angeuacha kwa wajukuu anaolala nao. Alianza dawa wiki ileile, akamaliza dozi ya miezi sita, akapona, na leo amekaa pale akiwa na afya yake. Kwa hilo familia inashukuru bila kumung'unya maneno, na kila aliyelileta gari lile Mtama apokee shukrani zetu.

Gregori naye aliambiwa na kijana wa mashine ya picha, "Mzee, kuna kivuli kwenye pafu la kulia, sehemu ya juu." Makohozi yake yalikuwa safi, akaambiwa si kifua kikuu. Akauliza, "Sasa ni nini?" Akajibiwa, "Hatujui bado, ni kivuli tu." Yule kijana wa mashine alilitumia neno hilo kama mnavyolitumia wataalamu, lakini neno halikubaki kwenye gari, lilishuka na watu waliokuwa wakisubiri nje, likafika sokoni kabla ya kaka yangu, na kufikia alasiri Mtama nzima ilikuwa imesikia kwamba fundi Gregori ana kivuli ndani yake.

Ndugu waombolezaji, mtakumbuka wenyewe kilichofuata. Hakuna aliyemwogopa Moza, aliyekuwa na ugonjwa wa kuambukiza kwelikweli, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa na jina na vidonge, watu walimpelekea uji na kumpa pole. Mtu waliyemwogopa ni Gregori, ambaye hakuwa na kitu cha kumwambukiza mtu yeyote. Wateja walianza kuagiza vitanda kwa kutuma watu, waliopita karakana walipita upande wa pili wa barabara, na nyumbani kwake kukaingia jambo ambalo nilikuwa nalihisi kila nikienda kula, kwamba wote mezani wanakula polepole wakisikiliza kama atakohoa, na yeye mwenyewe anasikiliza, na hakohoi.

Alipelekwa hospitali, akapigwa picha nyingine, kivuli kikaonekana palepale. Dakta Stephano, ambaye yupo nasi leo na ameniruhusu kumtaja, alimkalisha chini pamoja na Moza, akamweleza kwa uwazi. Alisema, "Mzee Gregori, tukiwapiga picha watu wengi wanaojiona wazima, tutampata mtu kama mama hapa, tutamwokoa. Lakini tutawaona na wengine wenye vitu visivyo na madhara, na hatuwezi kujua havina madhara mpaka tuwasumbue." Kaka yangu akamuuliza, "Na mimi nimo kundi lipi?" Daktari akamjibu, "Bado sijui." Marehemu alimheshimu Dakta Stephano maisha yake yote kwa jibu hilo, akisema ndiye mtu pekee aliyemwambia ukweli katika mambo yale, ingawa ukweli wenyewe haukumsaidia kulala.

Mwezi Februari 2019 alisafirishwa kwenda Dar es Salaam, akaingizwa kwenye mashine kubwa zaidi, kikaonekana kitu kidogo kama punje ya kunde, wakachoma sindano kupitia ubavuni ili wachukue kinyama cha kupima. Sindano hiyo ilisababisha hewa kuvuja kifuani, pafu likanywea, akawekewa mpira wa kuitoa hewa hiyo, akalazwa muda mrefu, na tuliambiwa kwamba jambo hilo hutokea hata mikononi mwa daktari mzuri, nasi hatumlaumu mtu. Majibu yalipotoka yalisema saratani haikuonekana, lakini kinyama kilikuwa kidogo mno kuwa na uhakika, kwa hiyo arudi baada ya miezi kadhaa waangalie tena. Alirudi Mtama akiwa hawezi kubeba ubao mzito bila kusimama kuhema, na kile kitu kilikuwa bado kimo.

Sasa naeleza yale ambayo baadhi ya ndugu waliniomba niyaache, lakini mjane amesema yasomwe.

Marehemu alirudi kutoka Dar es Salaam na picha kubwa ya kifua chake, akaibana kwa vibanio vya nguo kwenye dirisha la sebuleni linaloelekea mashariki, na kila asubuhi jua lilipotoka, mbavu zake zilionekana ukutani upande wa pili, kubwa kuliko mtu. Moza alipoitoa, aliirudisha, akasema, "Nataka nikione kinavyokaa." Mjukuu wake mmoja wa kike, wakati huo akiwa mdogo, alisimama siku moja mbele ya ukuta ule akauliza, "Babu, yule ni nani?" Akamjibu, "Ni mimi." Mtoto akaangalia tena, akauliza, "Na huyo aliye ndani yako ni nani?" Hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto yule habari za kivuli. Tangu siku hiyo mtoto hakukubali kuingia sebuleni asubuhi, alizunguka nje na kuingilia jikoni.

Jambo la pili lilitokea kwenye kijiwe cha kahawa cha Huseni, pale sokoni. Kaka yangu alifika asubuhi kama kawaida yake, akakaa kwenye benchi peke yake, na Huseni akamimina vikombe viwili, kimoja akampa, kingine akakisukuma kwenye nafasi iliyo wazi kando yake. Gregori akamuuliza, "Cha nani hiki?" Huseni akasema, "Cha mwenzio uliyekuja naye." Kaka yangu hakugeuka kutazama. Alivinywa vyote viwili, akaondoka, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu, akasema, "Nimekinywa na cha pili. Sikutaka kikinywe chenyewe." Huseni yupo hapa, nimemuuliza tena juzi tukiwa tunafunga maturubai, akaniapia kwamba hakuwa akitania, alimwona mtu, mwembamba, amekaa ameinamisha kichwa, na hakupata kuuona uso wake.

Tarehe 14 Septemba 2022 marehemu alikuwa Somanga, amekwenda kumsalimia binti yake Rosemary, ambaye ana banda la chakula kando ya barabara kuu, na siku hiyo gari kama lile lilikuwa limeegeshwa karibu na soko la samaki, likiwa halina mtu aliyepanda kupimwa. Watu walikuwa wamesimama kwa mbali wakilitazama, na sababu ya kutoingia ilikuwa ni yeye, kwani habari zake zilikuwa zimefika huko. Kulikuwa na mama mmoja mkaanga samaki, Salima, mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa akikohoa tangu mfungo, na Rosemary alipomsihi aende alijibu kwa sauti, "Siendi. Baba yako aliingia mzima, akatoka wakiwa wawili."

Gregori alikuwa amekaa ndani ya banda, akasikia. Rosemary anasema aliweka sahani chini, akanawa mikono, akatoka nje mpaka mbele ya yule mama. Salima aliona haya, akamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Umekohoa tangu lini?" Akamwambia tangu mfungo. "Na usiku unatoka jasho?" Akakubali. Ndipo kaka yangu akasema maneno ambayo watu wa Somanga wanayakumbuka mpaka leo: "Mimi sikuwa nakohoa. Mimi nilikwenda kutafutiwa nilichokuwa sina. Wewe unacho kinachokusumbua, na mtoto unaye mgongoni. Usinifanye mimi kuwa sababu yako ya kufa. Njoo, natangulia."

Alipanda zile ngazi akishika ukuta. Salima akaingia baada yake, kisha wengine wakafuata. Salima alikutwa na kifua kikuu, alitibiwa, mwanawe alipewa dawa za kinga, wote wawili ni wazima na wamefika hapa jana kwa basi. Zaidi ya hao, kuna watu wawili wa Somanga waliopanda siku ile na kuitwa tena hospitali mara kwa mara, wakahangaika, mwisho wakaambiwa hawana kitu. Nao aliagiza watajwe.

Yeye mwenyewe alisubiri majibu kwenye kivuli cha turubai. Mtaalamu wa picha, dada aitwaye Witness, alimwita akamwambia kwa furaha, "Mzee, mapafu yako mazuri, hakuna kitu." Akamwambia, "Angalia tena, kulia, juu." Dada akaangalia tena, akasema, "Hakuna, mzee. Hakuna kivuli." Gregori akamuuliza, "Kimekwenda wapi?" Yule dada akacheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Dakta Stephano alimweleza baadaye kwamba huenda ilikuwa homa ya mapafu iliyopita bila yeye kujua, ikaacha alama, na mwili ukaifuta wenyewe taratibu, na kwamba kama asingepigwa picha mwaka 2018 asingewahi kujua kwamba ilikuwepo. Tulifurahi, tulifanya karamu ndogo, marehemu aliondoa picha dirishani akaichoma moto uani. Lakini hakupata amani tuliyoitazamia. Alianza tabia ya kuweka sikio kwenye migongo ya wajukuu wakiwa wanacheza, akisikiliza kama alivyosikiliza mbao, na Moza alipolala mchana aliamka mara nyingi akakuta kichwa cha mumewe kipo mgongoni pake. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini, akanijibu kwa upole kabisa, "Kilipokuwa kwangu nilijua kilipo. Sasa sijui kimehamia kwa nani." Hata hivyo, Rosemary alipotaka kuwapeleka wanawe wakapigwe picha, ingawa walikuwa wanakula na kucheza vizuri, alimkatalia, akasema, "Hao waache. Hawajakulalamikia, usiwaamshie kitu."

Kuanzia mwaka 2024 alikuwa akiumwa kichwa upande wa kisogoni. Moza alimwomba waende zahanati mara nyingi, naye alijibu kila mara, "Wataanzia kichwani, watamalizia kifuani." Tangu arudi kutoka Somanga hakukubali kifaa chochote kiguse mwili wake. Tarehe 20 Machi 2025 alianguka karakanani akiwa ameshika randa, akapelekwa hospitali, ikaonekana ana presha ya juu sana ya muda mrefu, na alikuwa amepata kiharusi upande wa kulia. Dakta Stephano aliuliza presha yake ilipimwa lini mara ya mwisho, na shemeji yangu akasema, "Walimtazama ndani mpaka mbavu, daktari. Baada ya hapo aliogopa hata kufungwa mkono."

Alirudi nyumbani mwezi Aprili akiwa haongei vizuri, maneno yakitoka nusunusu, na mwezi Juni aliniita nikae karibu na mdomo wake. Aliniambia, "Xaveri, ukisimama siku hiyo, usiseme gari lile liliniua." Nikamwambia sitasema. Akapumzika, akasema, "Moza yupo." Akapumzika tena muda mrefu, mpaka nikadhani amelala, kisha akasema, "Na usiseme halikunifanya kitu." Nilimwahidi, na nadhani nimetimiza.

Alifariki dunia hapa Mtama, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, wakati wa alasiri, juu ya kitanda alichokitengeneza mwenyewe, mkewe akiwa amekwenda kumletea maji, na aliporudi alikuta amekwisha kuondoka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, na kwa namna ya pekee Dakta Stephano, aliyekuja nyumbani hata pale ambapo hakukuwa na la kufanya. Tunawashukuru majirani mliopika na kulala nasi, masheikh na mapadri mliokubaliana bila shida nani atangulie, ndugu wa Somanga na Kilwa mliosafiri, na mafundi wa Mtama mliotengeneza jeneza na kukataa kulikabidhi mpaka mlipopiga msasa mara ya tatu, mkisema mwenyewe angelikagua.

Mwisho, mjane ameomba nitangaze kwamba chini ya turubai la pili, karibu na mlango wa ua, wamekaa wauguzi wawili wa zahanati na kipimo cha presha. Hakuna atakayeshikwa mkono kwa nguvu. Waulizeni kwanza wanapima nini, wakikuta kitu watafanya nini, na kama kipimo kinaweza kukosea, nao wameahidi kuwajibu kila mtu kwa nafasi yake, kisha kila mmoja aamue mwenyewe. Leo asubuhi, kabla mwili haujatolewa ndani, Moza binti Idd alikwenda pale wa kwanza, akawauliza maswali yake yote akiwa amesimama, wakamjibu, akakaa, akakunja kitenge mpaka juu ya kiwiko, akanyoosha mkono.

Kaka Gregori, umefanya kazi, umechoka, lala. Pumzika kwa amani yote uliyoikosa.